Uzi: Mikwaruzo midogo kwenye vioo vya gari hapa Goma, inatoka au tuizoee?

Mtoto_wa_Katindo:
Wakubwa, habari zenu. Nina RAV4 ya zamani, injini haina neno, bodi haina neno. Shida ni vioo. Mchana sioni kasoro yoyote. Ikifika usiku, natoka upande wa Mugunga, lori la Fuso linakuja mbele na taa zake zote za juu, parabrizi (kioo cha mbele) nzima inajaa mistari na sioni tena barabara wala motari (dereva wa pikipiki) aliye pembeni.

Nimeitazama vizuri jua likiwa linashuka upande wa Sake, mwanga ukipiga kioo kwa ubavu. Parabrizi ina mistari iliyopinda, inafuata njia ya esuiglasi (waipa). Kioo cha mlango wa dereva kina mistari ya kwenda juu na chini, myembamba sana. Kile cha nyuma kimefifia tu, kama kina madoadoa.

Kijana mmoja karibu na soko la Virunga ameniambia atapitisha msasa na mashine ya diski, kioo kitarudi kuwa kipya. Nimemwambia ngoja kwanza niulize watu. Ndiyo hivyo nauliza.

Dereva_Sake:
Karibu kwenye chama, mdogo wangu. Hapa Goma gari ambalo kioo hakina mkwaruzo ni lile ambalo bado liko ndani ya kontena.

Yaya_Himbi:
Mimi hutumia dawa ya meno, ile nyeupe, siyo ya jeli. Pakaa na pamba, zungusha zungusha, osha. Inang'aa vizuri.

Papa_Fuso:
Ukimaliza usisahau kulipeleka gari kwa daktari wa meno 😂

Fundi_Parabrizi:
Kaka wa Katindo, huyo kijana wa soko la Virunga usimpe gari. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tutenganishe mambo, maana umetaja vitu vitatu na kila kimoja kina chanzo chake.

Kwanza, fahamu una kioo cha aina gani. Parabrizi ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja na karatasi ya plastiki katikati. Ndiyo sababu jiwe likiipiga inapasuka mistari lakini haimwagiki. Vioo vya milango na cha nyuma kwa kawaida ni kioo kimoja kilichopashwa moto mkali kupita digrii 600 halafu kikapozwa ghafla kwa upepo. Hicho kikivunjika kinakuwa punje punje. Ukitaka kuhakikisha, soma maandishi madogo kwenye kona: LAMINATED au TEMPERED.

Pili, pima kina. Osha kioo, kikauke, pitisha ukucha taratibu kukatiza mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kusikia kitu, mkwaruzo uko juu juu na unaweza kutoka. Ukucha ukinasa, huo tayari ni mfereji. Ili kuuondoa lazima ushushe kioo chote cha pembeni mpaka usawa wa chini ya mfereji, na hapo ndipo watu wanapoharibu magari ya wenzao. Unabaki na bonde kwenye kioo. Mkwaruzo hauuoni tena, lakini ukitazama kupitia pale, nguzo ya umeme inapinda, mtu anarefuka. Mbele ya macho ya dereva hilo ni baya kuliko mkwaruzo wenyewe.

Tatu, hiyo mashine ya diski. Mashine ndogo ya kukatia chuma inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kusugua kioo kunataka mwendo wa chini sana, 1,500 hivi na kushuka. Kwa ule mwendo wa diski, sehemu moja inapata moto wakati pembeni bado kuna baridi, na parabrizi inapasuka mbele yako. Na msasa wenyewe, hata ule laini wa 2000, unaacha ukungu mweupe ambao kazi ya kuuondoa ni kubwa kuliko mkwaruzo uliokuleta.

Kuhusu dawa ya meno: Yaya, samahani, lakini inasafisha tu. Ungaunga uliomo umetengenezwa usile meno, na kioo hauwezi kukishusha. Inatoa mafuta na uchafu, kioo kinang'aa, mtu anafurahi. Mkwaruzo uko palepale.

Yaya_Himbi:
Sawa fundi, nimesikia. Ila kung'aa kunang'aa 😊

Mwanafunzi_wa_Mawe:
Naongeza kidogo kwa nini sisi hapa tunateseka kuliko watu wa miji mingine. Mji wetu umekaa juu ya lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ya Mei 2021 ilisimama upande wa Buhene, na chini yake kuna za zamani zaidi. Barabara, viwanja, kuta, kokoto za kujengea, vyote ni jiwe lilelile jeusi lililosagwa na matairi. Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe cha Mohs, kioo kiko karibu na 5.5. Lava za volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, zina madini kama piroksini, ambayo iko karibu na 6, na olivini inayofika 6.5 hadi 7. Kwa hiyo hilo vumbi mnaloliona laini lina punje ngumu kuliko kioo. Vumbi la udongo wa mfinyanzi mtupu lisingefanya hivyo, huo ni laini.

Halafu punje za lava zina ncha kali. Hazijaviringika kama mchanga uliokaa mtoni.

Dereva_Sake:
Na batoto ya rond-point (watoto wa kwenye mzunguko wa barabara)? Unasimama pale mzunguko wa Tshukudu, kabla hujasema kitu mtoto ameshapitisha kitambaa kikavu kwenye parabrizi yako, vumbi lote la mtaa wa Ndosho liko ndani ya hicho kitambaa. Halafu anaomba franga.

Fundi_Parabrizi:
Dereva amegusa penyewe. Kitambaa kikavu juu ya vumbi ni msasa. Mimi nikiona gari lina mikwaruzo ya mviringo mviringo kwenye vioo vyote, siulizi barabara anayopita, nauliza nani anamwoshea.

Sasa turudi kwa kaka. Mistari iliyopinda ya parabrizi: inua mkono wa esuiglasi, tazama mpira. Kama umekatika mahali au umekauka ukageuka mgumu, chuma au plastiki ya ndani inagusa kioo. Badilisha mpira kabla ya kufanya lolote lingine. Hata kama mpira ni mzima, mtu akiwasha esuiglasi kwenye vumbi kavu, tayari amechora. Maji kwanza, mengi, ndipo esuiglasi. Kile kitangi cha maji ya kioo hapa mjini magari mengi kiko kikavu au pampu imekufa, na mwenye gari hana habari.

Mistari ya juu na chini ya mlango: hiyo inatoka kwenye jointi, ile mipira yenye manyoya inayobana kioo pale kinapoingia ndani ya mlango. Vumbi linajikusanya mle, kila ukishusha kioo kununua yuniti za simu au kusalimia mtu, punje zinapanda na kushuka nacho.

MamaKeshero:
Fundi, samahani, hiyo jointi inasafishwaje? Gari langu kioo kikishuka kinalia kriii.

Fundi_Parabrizi:
Mama, kama kinalia usikishushe tena mpaka usafishe. Mwaga maji polepole juu ya jointi kioo kikiwa kimefungwa, yateremke na vumbi (ndani ya mlango kuna matundu chini ya kutolea maji, usiogope). Chukua mswaki wa zamani na maji ya sabuni, sugua manyoya kwa urefu. Halafu shusha kioo kidogo, viringisha kitambaa kilicholowa kwenye kadi ya plastiki, pitisha kati ya kioo na jointi, nje na ndani. Suuza kitambaa kila mara, usirudishe kichafu. Ukiona manyoya yameisha na kuna chuma kinaonekana, hapo hakuna kusafisha, ni kubadilisha.

Usipake grisi wala mafuta ya injini. Vumbi linashika humo na unapata tope la kusagia.

MamaKeshero:
Aksanti sana baba.

Mtanganyika_Kigoma:
Hodi huku. Nilikuwa Goma mwaka juzi, nakubaliana na hayo ya vumbi. Swali kwa fundi: kuna ile poda ya kusugulia vioo, wenzetu wanaisifu mtandaoni. Inafaa kwa mikwaruzo ya waipa?

Fundi_Parabrizi:
Karibu jirani. Hiyo ni oksidi ya seriamu. Ndiyo kitu pekee ninachokiamini kwa kazi hii. Watu wanaosaga lenzi za miwani wanaitumia, na wanaong'arisha mawe. Ni poda laini sana, nyeupe au yenye rangi ya waridi iliyofifia. Hapa mjini sijawahi kuiona imepangwa dukani kwa wauza vipuri. Niliipata kwa mtu wa karakana ya miwani, na baadaye nikaagiza kwa wafanyabiashara wanaokwenda Kampala. Seriamu ni moja ya yale madini adimu.

Unakoroga na maji mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Unahitaji diski ya fetri ngumu (sufu iliyogandamizwa) na mashine ya kutobolea yenye mwendo unaoweza kupunguza. Gari liwe kivulini, kioo kiwe cha baridi. Funika rangi ya bodi na mipira kwa plastiki na gundi ya karatasi, kwa sababu ule uji ukirukia kila mahali kuutoa ni taabu. Upande wa ndani weka alama ya kalamu ya mafuta nyuma ya mkwaruzo, kwa kuwa ukishapaka uji huoni tena ulipo.

Kisha sugua, diski ikae bapa, isisimame mahali pamoja, na kioo KISIKAUKE. Nyunyiza maji kila mara. Weka kiganja nyuma ya kioo: kikianza kuwa cha moto, acha, kipoe chenyewe. Usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Futa, tazama, rudia. Mkwaruzo usiosikika kwa ukucha unaweza kukuchukua nusu saa au zaidi, na mkono utauma. Mtu anayekuahidi dakika tano anauza maneno.

Mwanafunzi_wa_Mawe:
Kwa wanaopenda kujua kwa nini maji ni lazima: ile poda haifanyi kazi kwa kukwangua peke yake. Kwenye maji, uso wa kioo unalainika kidogo, na seriamu inashikana na silika, yaani kitu kikuu kinachounda kioo, na kuing'oa taratibu sana. Ikikauka, hiyo nusu ya kazi inakufa, unabaki na moto tu.

Fundi_Parabrizi:
Mwalimu kasema. Mimi nilijua kwa mkono, yeye anajua kwa kitabu 😄

Kwa swali la Kigoma: kwa parabrizi, ukungu mwepesi wa waipa unaweza kupunguzwa, mradi usugue eneo lote pana kwa usawa, siyo mstari mmoja. Ni kazi ya siku nzima na mimi huwa siichukui kama mistari iko mbele ya usukani na ukucha unanasa. Namwambia mtu abadilishe kioo.

Papa_Fuso:
Fundi anayekataa pesa. Goma hii hii?

Fundi_Parabrizi:
Papa, ukigonga mtu usiku kwa sababu kioo nilichosugua kinapindisha, watakuja kwangu au kwa pesa?

Kadogo_Birere:
Mimi nataka kupinga kidogo. Mistari yote si mikwaruzo. Nimeosha magari miaka mingi kando ya ziwa. Kaka amesema kioo cha nyuma kina madoadoa. Hilo ni ziwa, siyo lava.

Mwanafunzi_wa_Mawe:
Kadogo yuko sahihi kabisa, na nilitaka kufika huko. Maji ya Ziwa Kivu ni mazito kwa chumvi, zikiwemo za magneziamu, na yana tabia ya magadi, pH yake huku juu iko karibu na 9. Ukiosha gari na maji hayo ukaliacha likauke juani, maji yanageuka mvuke, chumvi zinabaki. Doa juu ya doa, wiki baada ya wiki, mpaka kioo kinakuwa kama kimepigwa pumzi. Ukisugua kwa nguvu ukidhani ni uchafu wa kawaida, ndipo unapokwaruza kweli.

Kadogo_Birere:
Dawa yake siki. Siki nyeupe nusu, maji nusu, lowesha kitambaa, kibandike pale juu kikae kama dakika kumi, futa bila nguvu, suuza na maji ya mvua. Usifanye juani. Zuia isichuruzike kwenye rangi na kwenye chuma, na kama imeshuka suuza haraka. Ikitoka, haikuwa mkwaruzo. Isipotoka, rudia kabla ya kuita fundi.

Mimi kwa wateja wangu naosha na maji ya ziwa, lakini vioo namalizia na jerikani la maji ya mvua. Kukausha ni kwa kitambaa safi, siyo kwa jua.

Yaya_Himbi:
Maji ya mvua yenyewe na ule moshi wa volkano? Mabati yetu yote yameliwa kutu.

Mwanafunzi_wa_Mawe:
Ile asidi inakula mabati, kweli, lakini kioo hakioni haraka hivyo. Kwa kusuuzia, mvua ni bora kuliko ziwa kwa sababu haiachi chumvi nyingi nyuma. Wakati wa majivu ni habari nyingine. Nyamulagira ikitapika na majivu yakaanguka, usifute kitu chochote. Maji tu, kutoka juu, mengi, mpaka yote yaondoke. Na esuiglasi zizimwe kabla hujawasha gari, maana kuna wanaoziacha kwenye on tangu mvua ya jana.

Mtu_wa_Bukavu:
Huku Bukavu sisi tuna tope badala ya vumbi, lakini nimekuja na swali. Kioo cha mlango kina mikwaruzo upande wa NDANI. Mtoto wangu na kifunguo. Poda hiyo inafaa?

Fundi_Parabrizi:
Angalia kwanza kama kuna karatasi ya fime (ile ya kutia kioo giza). Magari mengi yaliyotumika yanakuja yamebandikwa karatasi ndani, na mtoto amechora karatasi, kioo hakina kosa. Weka ukucha kwenye ukingo wa juu kioo kikiwa kimeshuka kidogo, utasikia karatasi inapoanzia. Karatasi haisuguliwi, inabanduliwa. Na kioo cha nyuma upande wa ndani mtu asiguse na poda wala siki wala mswaki, ile mistari ya kahawia ni nyaya za kuondoa ukungu. Ukizikata hazitafanya kazi tena.

Mtu_wa_Bukavu:
Ni karatasi. Umeniokolea pesa, mukubwa.

Mtoto_wa_Katindo:
Ndugu zangu, nimerudi na habari. Nimeanza na siki ya Kadogo kwenye kioo cha nyuma, upande wa nje. Madoa yamekwenda karibu yote. Yamebaki machache chini kabisa, yale nafikiri ni ya zamani sana.

Esuiglasi: upande wa dereva mpira ulikuwa umechanika mwishoni na kile kichuma kilikuwa kinagusa kioo. Mstari mnene kuliko yote kwenye parabrizi unapita palepale. Nimebadilisha yote mawili.

Mlango wa dereva nimempa fundi mmoja wa hapa Katindo aliyenikubalia kutumia poda, nikaipata kwa watu wa miwani kama mlivyosema. Nilikaa naye nikishika chupa ya maji. Mistari mingi imepotea. Mmoja umebaki, huo ukucha unanasa, nikamwambia tuuache.

Lakini hii ndiyo niliyotaka kuwaambia: usiku bado taa zinanipiga. Imepungua, ila ipo. Parabrizi nimepitisha ukucha kila mahali, isipokuwa kwenye ule mstari mmoja, ukucha hausikii kitu. Inakuwaje?

Kadogo_Birere:
Umefuta ndani?

Mtoto_wa_Katindo:
Ndani ya parabrizi? Hapana. Ndani hakuna vumbi.

Kadogo_Birere:
Pitisha kidole.

Fundi_Parabrizi:
😂 Kadogo anakula kazi yangu. Kaka, plastiki ya dashibodi ikipigwa na jua inatoa mvuke wa mafuta, unatua kwenye kioo kwa ndani, na vumbi jembamba linaushika. Mchana huuoni. Usiku taa ya Fuso inautawanya kioo kizima. Na kama kuna mtu anapaka dashibodi yale mafuta ya kung'arisha, inazidi. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa safi, halafu kingine kikavu. Ikibaki na mafuta, spiriti ya duka la dawa kidogo kwenye kitambaa, siyo kwenye plastiki. Kule chini kwenye kona iliyobanwa na dashibodi, funga kitambaa kwenye rula.

Mtoto_wa_Katindo:
Kitambaa kimetoka cha kahawia. Nimeshangaa. Jana usiku nimepita njia ya Mugunga, tofauti ni kubwa sana. Ule mstari wa chuma naufahamu sasa, uko chini ya macho yangu kidogo, haunisumbui. Parabrizi sibadilishi kwa sasa.

Fundi_Parabrizi:
Siku ukibadilisha, mwambie atakayekuwekea abaki na gari mpaka gundi ishike, usilitoe saa ile ile kwenda kulirusha kwenye mawe ya Ndosho. Na mipira mipya ya esuiglasi siku hiyo hiyo. Nimeona mtu ameweka parabrizi mpya na esuiglasi za zamani, mwezi haukuisha.

Dereva_Sake:
Na batoto ya rond-point tunawafanyaje?

Papa_Fuso:
Mimi naweka chupa ya maji dirishani. Akija namwagia kioo kwanza, ndipo apitishe kitambaa chake. Franga namlipa kwa sababu amefanya kazi.

MamaKeshero:
Fundi, nimesafisha jointi, kelele imepungua lakini upande mmoja manyoya yameisha kama ulivyosema. Gari ni Ist. Jointi ya Vitz inaingia?

Fundi_Parabrizi:
Mama, usinunue kwa jina. Ing'oe ya zamani, nenda nayo mtaa wa Birere, walinganishe urefu na vile vishikizo vya chini. Vishikizo vikikosana haitakaa, hata kama urefu ni sawa. Na ununue ya nje na ya ndani pamoja, ukibadilisha moja tu ile nyingine itaendelea kuchora.

MamaKeshero:
Nitakwenda Jumamosi. Nikikosa nitakuandikia hapa.